Nataka kujua maisha ya rubani aliyekufa vitani, naanzia wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Mke wangu ni Mwingereza, kaka wa bibi yake alikuwa rubani wa RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza, na wazee walikuwa wanasema tu alitunguliwa Ujerumani 1943. Tunalo jina lake na picha moja kavaa yunifomu. Tufanyeje?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hiyo stori ya nyumbani iweke pembeni kwanza, sio kwamba wazee walidanganya, ila telegramu ya msiba ilikuwa fupi sana na mengine familia ilijijazia. Ingia tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi na majina ya wanajeshi waliokufa vitani, ni bure, weka jina utapata cheo, namba ya jeshi, tarehe ya kufa, mara nyingi na skwadroni yake, yaani kikosi chake cha ndege. Ukimkuta kwenye mnara wa kumbukumbu wa Runnymede kule Uingereza ujue kaburi lake halijulikani, majina zaidi ya 20,000 yako pale. Namba ya jeshi ishike kuliko jina, majina yanafanana mno.

Ukishaijua skwadroni nenda National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa iliyopo Kew, London, tafuta mafaili ya AIR 27, ndiyo rekodi za skwadroni, mengi yapo mtandaoni. Fomu 540 inaeleza habari za skwadroni kwa ujumla, ila utamu uko Fomu 541, humo utakuta ndege yenyewe, nani walikuwemo, wameruka saa ngapi, wanaenda kupiga wapi. Tafadhali msisome siku aliyokufa tu! Rudini mpaka safari yake ya kwanza, mhesabu moja moja, usiku gani alirudi na injini mbovu, lini alipumzika, hapo ndo mtamwona alivyoishi. Na tarehe ziwe makini, mtu anaondoka jioni anakufa alfajiri, karatasi moja inaandika leo nyingine kesho, wengi wanakwama hapo.

Kama alirusha Lancaster, ndege kubwa ya mabomu, basi kwa kawaida walikuwa saba, watafuteni wote saba, hili nalisisitiza sana kwa sababu picha na barua zinazomtaja yeye zinaweza kuwa kwa ndugu wa navigeta wake, yule aliyeongoza njia ya ndege. Kuna na AIR 81, haya ni mafaili ya waliokufa na waliopotea, yanafunguliwa kwa awamu, na kama kuna mwenzao alinusurika maelezo yake yanaweza kuwa humo.

Mkikuta skwadroni haipo ila ameandikwa kitengo cha mafunzo, tafuteni AIR 29, humo zimo rekodi za vitengo hivyo. Vijana wengi walianguka mazoezini hukohuko Uingereza bila kumwona adui, na wamepewa heshima ileile ya makaburi ya vita. Familia nyingine inawauma kusikia hivyo, waambieni taratibu.

Halafu kuna logibuku yake, daftari la kuandikia safari zake zote za kuruka. Ambazo familia hazikuchukua jeshi liliziteketeza karibu zote, kwahiyo kama ipo iko kwenye boksi la ndugu fulani. Mpigieni shangazi aliye mkubwa kuliko wote leoleo, kabla hata ya kufungua kompyuta.