Shangazi, hapa tulipohamia hakuna anayenijua

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 17. Wazazi wangu wamehamia mji mwingine nami nikafuatana nao. Nimeshahudhuria mikutano ya vijana wa mtaa mara kadhaa: naingia, nakaa nyuma, natoka bila kusemeshwa na mtu. Nifanyeje nami niwe mmoja wao? – Mgeni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuingia peke yako kwenye ukumbi wa watu waliokua pamoja kunataka moyo, na wewe umerudi tena na tena. Kwa hiyo moyo unao. Ila unakwenda kama mtazamaji, na mtazamaji asipokuja hakuna anayeshtuka.

Tafuta kazi ambayo usipoifanya pengo litaonekana. Mkutano ujao wahi mapema, umtafute anayeshika ufunguo wa ukumbi. Mara nyingi siye mwenyekiti. Ni yule mtu mkimya anayefungua madirisha na kufagia, naye anamjua kila mtu. Mwambie jina lako, kisha: "Nikusaidie kupanga viti?" Usimuulize kama wanahitaji watu wa kujitolea, atakujibu "tutakuambia" na yataishia hapo. Taja kazi yenyewe. Watu wakitawanyika, baki uvikusanye viti. Maongezi ya kweli huanza wakati huo.

Halafu shikilia kikundi kimoja, usirukeruke. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wenye ndoa walioishi katika nyumba za chuo cha MIT, Marekani. Urafiki ulifuata milango: jirani wa mlango wa pili aligeuka rafiki kwa urahisi kuliko wa mwisho wa ujia. Nawe jiweke pale watakapokuona kila wiki, saa ileile.

Kikundi hicho kisipokufaa, uliza Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu; karibu kila nchi ina chama chake, nacho hutegemea sana watu wa kujitolea. Uliza wanapokea kuanzia umri gani. Na popote uendapo, wazazi wajue ni wapi na uko na nani. Hapo sina mjadala.

Lakini usikubali kuwa mpanga viti milele! Hilo linaniudhi sana, vijana kuitwa kubeba meza kisha kutolewa nje maamuzi yakianza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa aliye chini ya miaka 18 haki ya kutoa maoni kwenye mambo yanayomhusu, na maoni hayo yazingatiwe kulingana na umri na upevu wake. Ukishazoeleka, omba kuingia kwenye kikao cha kupanga shughuli. Wakisita, jitolee kuandika kumbukumbu za kikao. Kazi hiyo wengi huikimbia, hawatakunyima.