Jibu kwa aliyeuliza: sayari isiyoonekana wanajuaje kwamba ipo?

Ndugu, umeuliza sayari 51 Pegasi b, inayoizunguka nyota 51 Pegasi, ilijulikanaje wakati hakuna aliyeiona kwa darubini, na sayari hiyo, jitu la gesi, inakaaje jirani na nyota bila kuteketea. Nafundisha fizikia Busia, upande wa Uganda, na hii ndiyo mada niipendayo kuliko zote, kwa hiyo nivumilie nikieleza kwa kirefu.

Wanafalaki walioigundua, Michel Mayor na Didier Queloz, wakiwa kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Haute-Provence huko Ufaransa, waliitazama nyota tu. Sayari ikizunguka huivuta nyota yake, nayo nyota ikawa inatusogelea kidogo kisha inatuondokea. Darasa langu hulielewa hili tukisimama kando ya barabara ya Tororo: honi ya lori linalokuja ni kali, likishapita sauti hushuka. Katika mwanga, mistari myeusi iliyomo kwenye rangi za nyota husogea upande wa buluu nyota inapokuja na upande wa nyekundu inapokwenda. Kwa nyota hii kasi hufika mita 55 na ushee kwa sekunde. Sayari ya Mshtarii (Jupita) hulivuta Jua letu kwa mita 12 hivi tu kwa sekunde, tena mzunguko mmoja huchukua karibu miaka 12.

Vipimo vya nyota hiyo viko wazi mtandaoni. Tulivichora na wanafunzi wa S.5 (kidato cha tano) kwenye karatasi za grafu, tarehe chini, kasi pembeni. Nukta zilitawanyika ovyo. Kisha kila tarehe tukaigawa kwa siku 4.23, tukachukua masalio peke yake, tukachora upya. Zikajipanga wimbi moja safi. Binti mmoja mbishi akajaribu siku 4, kisha siku 5. Wimbi likavurugika mara zote mbili. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko picha.

Siku 4.23 ndizo mwaka mzima wa sayari hiyo, ambayo uzito wake haupungui sana nusu ya Mshtarii. Iko kilomita milioni 8 hivi kutoka kwa nyota yake, na Zebaki, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, iko milioni 58 kutoka kwa Jua! Ndiyo maana ilipotangazwa Oktoba 1995 wengi walisita, ingawa Geoffrey Marcy na Paul Butler wa Marekani waliithibitisha mwezi huohuo. Ubishi ulikufa hasa mwaka 1999, sayari nyingine ya aina hii, HD 209458 b, ilipoonekana ikipita mbele ya nyota yake na kupunguza mwanga wake kwa asilimia 1.5 hivi.

Kuhusu kuteketea: moto unahitaji oksijeni, na huko kumejaa hidrojeni na heliamu. Joto ni karibu nyuzi 1,000, lakini uvutano wa sayari ni mkubwa, gesi inayovuja ni kidogo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ilizaliwa mbali, ikasogezwa ndani na sahani ya gesi iliyoizunguka nyota changa.

Nyota yenyewe unaweza kuiona. Mapema Novemba, saa tatu usiku, mvua ikikatika, tazama kaskazini juu sana utafute mraba mkubwa wa nyota nne. 51 Pegasi iko nje kidogo ya ubavu wa kushoto, katikati. Ni hafifu, kwa hiyo ondoka kwenye taa za mpakani, na ukipata darubini ya macho mawili ibebe.