Maswali yenu kuhusu picha za vita

Tangu nimsimulie juzi Goya, yule mchoraji wa Hispania, na picha yake ya watu wa Madrid wanaopigwa risasi, maswali yamenijaa, nimeokota manne.

Hivi Napoleon, yule jenerali wa Ufaransa, kweli alivuka milima ya Alps juu ya yule farasi mweupe?

Wapi! Alipanda nyumbu, na nasemea yule mtoto wa punda na farasi, sio wa Serengeti. Jacques-Louis David alimchora 1801 farasi kasimama kwa miguu ya nyuma, joho linapepea, jamaa katulia kama yuko studio. Karibu miaka 50 baadaye Paul Delaroche akamchora tena, sasa yuko juu ya nyumbu na sura imechoka.

Goya ana ajabu gani? Mi naona watu wanapigwa risasi tu.

Rudi uangalie nyuso. Tarehe 2 Mei 1808 watu wa Madrid waliinuka dhidi ya jeshi la Ufaransa, usiku na alfajiri ya tarehe 3 wakakamatwa na kupigwa risasi, Goya akaja kuichora 1814 Wafaransa wameshaondoka. Sasa wale askari wote wametupa mgongo, huoni hata pua, wamejipanga kama mashine, ila wanaokufa kila mmoja ana uso wake, kuna anayesali, kuna aliyeziba macho, na foleni ya wanaosubiri zamu yao (hiyo foleni ndo inaninyima usingizi mimi). Katikati kuna jamaa wa shati jeupe kapiga magoti mikono juu, taa iliyo chini inammulika yeye, na ukisogea karibu kiganja chake cha kulia kina alama kama ya msumari. Umeelewa anafananishwa na nani.

Mbona Guernica haina rangi, na ndege zenyewe hazionekani?

Mji wa Guernica, Hispania, ulipigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937 na ndege za Ujerumani na Italia zilizokuwa zikimsaidia jenerali Franco kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Picasso, aliyechora picha hiyo, alikuwa Paris, habari alizipata kwenye magazeti, na mi naona ndo maana picha nzima ni nyeusi, nyeupe na kijivu kama gazeti lenyewe. Ndege za nini? Mama aliyebeba maiti ya mwanae anapiga kelele anatazama juu, inatosha, aliyelipua hata uso hakupewa. Halafu ni kubwa, karibu mita 8 kwa upana, kwenye simu huwezi kuuona ukubwa wake.

Kuna mchoraji yeyote aliyeongea Kiswahili kwenye haya mambo?

Yupo! Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, Kongo. Miaka ya 70 alichora picha kama 100 za historia ya nchi yake, ukoloni, Lumumba, vita vya jimbo la Katanga kujitenga, kisha akakaa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian akamweleza picha moja moja kwa Kiswahili cha kulekule, kikarekodiwa. Kwenye ile ya kifo cha Lumumba kuna maiti tatu, yeye na wenzake Mpolo na Okito, na kwa mbali nyuma kuna misalaba mitatu. Goya kaficha msumari kiganjani, huyu kaweka misalaba kabisa, na kama wewe umekulia kanisani huhitaji mtu akufafanulie.