Matundu manne tumboni na yale maumivu ya bega ambayo sikuambiwa

Jamani mwaka jana nilitolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo, na tangu hapo haipiti wiki sijapigiwa simu, mara shoga yangu, mara wifi, wote swali moja: eti ni kweli hawapasui tumbo? Leo naandika yote hapa ili anayetaka asome kwa nafasi yake.

Nianzie nyuma kidogo. Miaka miwili nzima mi nilikuwa natibiwa vidonda vya tumbo. Nikila pilau au chipsi usiku, maumivu yananibana huku juu kulia chini ya mbavu yanazunguka mpaka mgongoni, natapika, asubuhi nimeamka mzima, nanunua vidonge maisha yanaendelea. Siku nilipopigwa utrasaundi hata nusu saa haikufika, daktari akaniambia mama una mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kama na wewe yako ndo hivyo, tafadhali nenda kapime kwanza. Halafu ile dawa ya mafuta ya zeituni na limau nimeinywa pia, na kweli chooni yanatoka madonge ya kijani, ila yale sio mawe, ni mafuta yenyewe yameganda huko tumboni, mawe yangu yalikuwa palepale nilipopima mara ya pili.

Sasa wanafanyaje. Unalazwa usingizi kabisa, nusu kaputi, hausikii kitu. Wanatoboa karibu na kitovu, wanajaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wa tumbo unyanyuke kama turubai la shughuli, wao wapate nafasi ya kufanya kazi kwa ndani. Wanaingiza kamera nyembamba, wanaangalia kwenye skrini, na matundu mengine matatu ni ya vyuma vya kushikia na kukatia, madogo yake ni kama nusu sentimita tu. Mrija wa huo mfuko wa nyongo na mshipa wake wa damu vinabanwa na klipu ndo vinakatwa, mfuko unabanduliwa kwenye ini na kutolewa kupitia tundu mojawapo. Wanatoa mfuko mzima, maana wakitoa mawe peke yake yanaweza kujitengeneza tena. Nyongo yenyewe inatengenezwa na ini kwa hiyo utaendelea kuipata, ila mafuta mengi yanaweza kukuharisha siku za mwanzo, mi chapati nilizirudia taratibu.

Kitu ambacho sikuambiwa ni bega. Usiku ule ule nimeshtuka bega la kulia linauma vibaya mno, na mkono sijaulalia, nikajua basi moyo huu, nikaanza kulia. Nesi wa zamu, Mungu ambariki, alikaa pembeni ya kitanda akanielewesha kwamba gesi inabaki kidogo inaukera ule ukuta unaotenganisha tumbo na kifua, na neva ya ukuta huo inaanzia shingoni pamoja na zile za bega, kwa hiyo mwili unasikia bega wakati shida iko chini. Akaninyanyua tukatembea kwenye korido polepole, dripu mkononi, siku ya tatu likaisha lenyewe. Nakuambia mapema usije ukapata hofu niliyoipata mimi.

Kingine, ile karatasi ya kusaini isome au usomewe. Imeandikwa kwamba ikibidi watafungua tumbo kwa mpasuo wa kawaida, labda wamekuta uvimbe mkubwa, damu, au hawaoni vizuri, na daktari anayeamua hivyo anakulinda, hajashindwa kazi. Muulize pia yeye ameshafanya za matundu ngapi, hatakasirika. Na bima yako waulize kabla kama wanalipia.

Nyumbani nilirudi kesho yake, na hapa ndo naomba tusikilizane, haswa nyie wanaume na mama wakwe. Wageni walikuja kunipa pole, wakaona plasta nne ndogo, wakasema mbona mzima huyu! Siku ya nne nipo jikoni namenya viazi, siku ya sita nimebeba ndoo ya maji, maumivu niliyoyapata hapo kwenye kitovu nilikaa chini palepale uani. Matundu ni madogo ila ndani umekatwa kiungo kizima, kwa hiyo ndoo, mtoto mgongoni na gunia la mkaa waachie wengine wiki kadhaa, mpaka daktari akuruhusu. Kutembea ni lazima, kunasaidia damu isigande miguuni. Ukikohoa bana mto tumboni.

Ila homa ikipanda, macho yakiwa ya njano, tumbo likivimba, maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, kutapika kusikokoma, au tundu linatoa usaha, usingoje tarehe ya kliniki, rudi usiku huohuo.