Ngumu kwa nani?

Umeuliza Kiswahili na Kichina ipi ngumu zaidi. Ngumu kwa nani, ndugu yangu? Msukuma wa Magu akijifunza Kiswahili, ngeli hazimpi shida; kwao munhu (mtu) ni mmoja, bhanhu (watu) ni wengi, na kivumishi kinafuata nomino yake vilevile. Mjaluo wa Rorya ana kazi zaidi, maana Kijaluo si Kibantu na ngeli za namna hii hakina. Pale mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, utasikia "samaki kubwa hii" badala ya "samaki mkubwa huyu", mnunuzi anaelewa, pesa inatoka. (Hata sisi tuliozaliwa na Kiswahili tunasema hivyo, tusijifanye.)

Geuza sasa. Mtu wa pwani akijaribu Kisukuma anakuta irabu saba badala ya tano alizozoea, na toni juu yake, yaani sauti ikipanda au kushuka maana inabadilika. Ngeli anazijua, sikio ndilo linamwangusha.

Kichina je? Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi wala wakati, kwa hiyo upande huo ni chepesi kuliko chetu. Kinachokula muda ni toni na maelfu ya alama za kuandikia. Chuo cha wanadiplomasia wa Marekani kinakadiria saa 2,200 za darasani kwa Kichina, 900 hivi kwa Kiswahili. Ila wanaopimwa hapo ni watu waliokulia kwenye Kiingereza. Mjita anayejifunza Kikerewe, lugha iliyo karibu sana na yake, saa kama hizo hazimhusu kabisa.