Kocha anayehamia chuo kikubwa: mkataba, ahadi na wachezaji anaowaacha

SWALI

Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Marekani na ninafundisha mpira wa kikapu katika chuo kidogo. Mkataba wangu umebakiza miaka miwili. Chuo kikubwa kimeniita, mshahara ni zaidi ya mara tatu ya huu nilio nao, na wako tayari kunilipia fidia ya kuvunja mkataba. Kinachonikosesha usingizi ni kijana mmoja niliyemsajili mwaka jana. Nilikaa sebuleni kwao, mama yake akaniuliza kama nitakuwepo mpaka mwanawe ahitimu. Nikamjibu, "Mama, nipo." Kijana akavikataa vyuo vingine viwili kwa neno lile. Familia yao si Waislamu. Je, ni halali kwangu kuondoka? Naweza kumchukua kijana? Na wanaosema nimeshikwa na tamaa ya dunia, wana haki?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullah. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na masahaba wake.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo jepesi. Kutafuta riziki pana zaidi kwa njia ya halali si dhambi, na anayeuhukumu moyo wako anadai kujua yasiyojulikana na yeyote ila Mola wako. Jim Calhoun alifundisha chuo cha Northeastern kule Boston kwa miaka 14. Mwaka 1986 akahamia Chuo Kikuu cha Connecticut, akakaa huko hadi 2012 na kutwaa ubingwa wa taifa mara tatu. Kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alipita mikononi mwake kabla ya kuchaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009. Kuhama kwa kocha kunaweza kuwa heri kwa watu ambao wakati huo hata hajawajua. Usijitese kwa hilo. La kuulizwa ni unaondoka na nini shingoni.

Kwanza mkataba. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ajira ya muda maalumu ni mkataba unaofunga pande zote mbili. Mwajiriwa hana ruhusa ya kuuvunja peke yake kwa kuwa tu amepata kilicho bora. Mwenyezi Mungu anafungua Suratul Maida kwa kusema: "Enyi mlioamini, timizeni mikataba." Lakini tazama na mkataba wa Nabii Musa na yule mzee wa Madyan, katika Suratul Qasas aya ya 27 na 28. Mzee alimtaka amtumikie miaka minane, na akitimiza kumi ni hisani yake. Musa akajibu kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili, asidhulumiwe. Maana yake, njia ya kutokea ilikuwa imo ndani ya mapatano tangu siku ya kwanza, na anayepita mlango waliokubaliana wote hajamvunjia mwenzake ukuta. Ibn Abbas amesema Musa alitimiza ule muda mrefu. Huo ni ubora, na sikufichi kwamba ningeupenda kwako, lakini siwezi kuufanya faradhi.

Kifungu cha fidia katika mikataba ya makocha wa Marekani ni mlango wa namna hiyo. Majmaa ya kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, yaani baraza la wanavyuoni wa sheria, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, ilijuzisha sharti la fidia katika mikataba ya kifedha, isipokuwa pale ambapo asili ya wajibu ni deni, kwa kuwa hapo huwa ni riba. Wewe unadaiwa kazi, hudaiwi fedha. Fidia ikilipwa kama ilivyoandikwa, iwe imetoka mfukoni mwako au kwa chuo kipya, umemalizana na chuo chako.

Kwa sharti moja: usome mkataba mstari kwa mstari. Mikataba mingi ya makocha inamtaka kocha amjulishe mkurugenzi wa michezo kabla ya kuzungumza na chuo kingine. Mtume (s.a.w.) amesema Waislamu wako juu ya masharti yao. Kama kifungu hicho kimo nawe umeshazungumza nao kimyakimya, umeshakosea, na fidia haifuti kosa hilo. Nenda kwa mkurugenzi leo.

Sasa twende sebuleni kwa yule mama. Fidia italipwa kwa chuo. Yeye hatapata hata senti. Chuo kilikuwa na mwanasheria wa kukiandikia vifungu, yeye alikuwa na neno lako tu. Ndiyo maana nasema deni lake ni zito kuliko la chuo, ingawa hakuna mahakama itakayokudai.

Kwamba si Waislamu hakubadilishi kitu. Hudhayfa bin al-Yaman na baba yake walikamatwa na makafiri wa Kikureshi wakiwa njiani, wakaachiwa baada ya kuahidi kwamba hawatapigana upande wa Mtume. Vita vya Badr vikawadia, jeshi la Waislamu dogo, kila mkono ukihitajika. Mtume aliposikia habari yao akawaambia waende zao, ahadi itimizwe. Imepokewa na Muslim. Ikiwa neno walilopewa maadui waliowakamata lilitunzwa, neno ulilompa mama aliyekukaribisha nyumbani kwake?

Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu ahadi. Imamu Nawawi ameeleza kwamba kwa Shafi, Abu Hanifa na wengi wengineo kuitimiza ni sunna iliyokokotezwa, na anayeiacha amefanya jambo linalochukiza mno bila kuwa mwenye dhambi. Kwa Wamaliki, ahadi hufunga pale aliyeahidiwa anapoingia katika jambo kwa sababu yake. Mimi ni Shafi, na katika suala hili nauona msimamo wa Wamaliki una nguvu, kwa kuwa kijana alishafunga milango miwili kwa kukuamini.

Na hasara yake si ya kudhania. Mwaka 2022 chuo kidogo cha Saint Peter's, Jersey City, kiliwaduwaza watu wote kwa kukitoa chuo kikubwa cha Kentucky na kufika robo fainali ya taifa. Siku chache baadaye kocha wao, Shaheen Holloway, akaenda Seton Hall, chuo alichokichezea ujanani. Simlaumu. Lakini kikosi kilitawanyika: mmoja akamfuata kocha, mapacha wawili kutoka Mali wakaenda La Salle, wengine kwingine. Kijana wa miaka kumi na tisa anaweza kujikuta ndani ya wiki mbili hana kocha wala wenzake.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Usisaini kabla hujakaa tena na mama yule, uso kwa uso. Mweleze ukweli, usimwambie kwamba umelazimika ilhali hukulazimishwa, kisha umwombe akuachilie neno lako. Akikuachilia, nenda kwa amani. Asipokuachilia, sikuamrishi ubaki, lakini huondoki mpaka umeziba hasara uliyoisababisha: upate kwa maandishi kwamba udhamini wake wa masomo utaendelea, umkabidhi kwa kocha ajaye pamoja na yote unayoyajua juu ya mchezo wake na goti lake na masomo yake, na akitaka kuhama, umtafutie chuo kwa juhudi ileile uliyomsajilia.

Kumchukua inajuzu, lakini si sasa. Maadamu unapokea mshahara wa chuo hicho, kumnong'oneza mchezaji wake aondoke ni khiyana. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, nazo zinataka mchezaji aingize jina lake mwenyewe katika mfumo wa uhamisho kabla ya chuo kingine kumgusa, nawe umeikubali kanuni hiyo. Ukishaondoka rasmi, naye akaingiza jina kwa hiari yake, zungumza naye. Na usimpeleke chuo kikubwa akakae benchi ili tu dhamiri yako itulie.

Katika mkataba mpya, kataa kifungu chochote kitakachokutaka utangaze kamari au pombe. Na ukikaa tena sebuleni kwa watu, usisahau aya ya 23 na 24 za Suratul Kahf. Sema "inshaallah" na uwaambie mkataba wako una miaka mingapi, na kwamba huenda ukaondoka kabla ya mtoto wao kuhitimu.

Uswali istikhara, kisha mpigie mama yule umwombe miadi. Wachezaji waliobaki nao wasikie kutoka kinywani mwako, wakiwa wamekusanyika, kabla hawajaisoma habari kwenye simu zao.

Wallahu aalam.