Maswali na majibu: Mlinganyo mmoja, majibu mengi

Mlinganyo wa tofauti kwenye gridi ni kitu gani?
Chukua karatasi ya miraba. Kila mraba una namba yake, u, na kanuni inaifunga na majirani zake wanne. Miraba ya ukingoni hupewa thamani mapema. Wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy waliichambua milinganyo hii mwaka 1928.

Tulifundishwa jibu ni moja. Hayo mengi yanatoka wapi?
Mlichofundishwa ni kweli kwa mlinganyo wa mstari: 4u ukitoa jumla ya majirani ni sawa na namba uliyopewa. Hapo jibu ni moja tu. Sasa upande wa kulia weka u³, na ukingo wote uwe sifuri. Mraba ukiwa mmoja, 4u = u³, kwa hiyo u ni 0, 2 au −2. Nenda kwenye miraba minne, miwili kwa miwili. Namba zote zikilingana, 2u = u³, na u ni √2 au −√2. Alama zikipishana kila mraba, 6u = u³, unapata √6. Safu ya juu ikiwa 2 na ya chini −2, nayo inakubali. Shika kalamu ukague mwenyewe, utamu wa somo hili uko hapo. Kikomo kipo: kwa miraba minne majibu hayazidi 3⁴, yaani 81.

Na gridi ikiwa kubwa mno?
Tunatumia nishati: nusu ya jumla ya vipeo vya pili vya tofauti za majirani, ukingo ukiwemo, ukitoa robo ya jumla ya u⁴. Majibu yako pale mteremko unapokuwa sifuri. Sifuri yenyewe imekaa bondeni, na mbali huko nishati inaporomoka bila mwisho. Huwezi kutoka bondeni bila kuvuka mlima, na penye njia ya chini kuliko zote pana jibu jingine. Wanahisabati Ambrosetti na Rabinowitz walilithibitisha wazo hili mwaka 1973. Halikuonyeshi jibu, ila linakuhakikishia lipo, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Programu yangu hutoa jibu lilelile kila mara. Ni mbovu?
Hapana. Kama inatumia mbinu ya Newton, yaani kuanza na kisio na kulirekebisha hatua kwa hatua, jibu hutegemea ulipoanzia. Kwa 4u = u³, ukianza na 0.5 utaishia 0, ukianza na 3 utaishia 2, ukianza na 1 hatua moja tu inakufikisha −2. Badilisha mwanzo mara nyingi kabla ya kuandika ripoti.

Majibu yote yana maana?
Si lazima. Kama gridi inawakilisha joto au mkondo halisi, jibu linalopishana alama kila mraba huenda limezaliwa na ukubwa wa miraba. Punguza ukubwa wa miraba, kokotoa upya, uone kama bado lipo.